Mwanafunzi Msumbufu: Namna ya Kuisoma Tabia Kabla ya Kuiadhibu

Ingia ofisi ya walimu yoyote saa nne, wakati wa chai, utasikia majina yale yale matatu au manne. Huyu ana kiburi. Yule ni mtukutu tangu darasa la tano. Wa tatu hakulelewa. Maneno hayo humpunguzia mwalimu machungu, lakini hayamsaidii kesho yake kipindi cha kwanza, kwa sababu kiburi hakina dawa unayoweza kuiweka kwenye andalio la somo. Kuzomea, kuchelewa, kulala darasani na kunyanyuka ovyo vinayo.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa darasa, hasa wa shule za kutwa nchini Tanzania, mwenye wanafunzi sabini au tisini mbele yake na vipindi vinavyofuatana bila kupumua. Msimamo wangu ni huu: tabia inayojirudia inamlipa anayeifanya. Usipojua inamlipa nini, adhabu yako inaweza kuwa ndiyo malipo yenyewe.

Nitatumia mfano mmoja: kijana wa Kidato cha Pili ambaye kila mara kipindi cha Hisabati humkuta nje ya darasa, amepiga magoti au anafyeka nyasi. Nimemtunga, ila kila shule inaye.

Hatua ya 1: Andika ulichokiona, si unachomdhania

"Hana adabu" si maelezo ya tabia. "Aligonga dawati mara tatu mwalimu akiwa anaandika ubaoni, kisha akamwita mwenzake kwa sauti" ni maelezo. Kipimo ni rahisi: mtu ambaye hakuwepo akisoma sentensi yako, je, anaweza kuigiza alichofanya mtoto? Kama hawezi, andika upya.

Chagua tabia moja. Mwanafunzi anaweza kuwa anachelewa, hafanyi kazi za nyumbani na anapigana. Ukizivamia zote kwa pamoja hutajua ipi imepungua na kwa nini. Anza na ile inayoharibu masomo ya wengine au inayohatarisha mtu.

Hatua ya 2: Chora safu tatu

Chukua daftari la kawaida. Safu ya kwanza: kilichotangulia. Ya pili: alichofanya. Ya tatu: kilichofuata mara moja. Jaza kwa muda wa wiki moja, na uwaombe walimu wa masomo mengine wafanye hivyo hivyo. Mistari miwili kwa kila tukio inatosha.

Njia hii inatokana na kazi ya B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyeonyesha kwamba kitendo huongezeka au hupungua kufuatana na kinachokuja baada yake. Walimu wengi tulisoma jina lake chuoni, tukalijibia mtihani, tukaliacha hukohuko. Kazi yake ilikuwa ya kutumika darasani.

Kwa kijana wetu, daftari linaonyesha kitu ambacho ofisini hakuna aliyekisema. Kwenye Kiswahili na Jiografia ametulia. Vurugu zinaanza kwenye Hisabati, tena baada ya mwalimu kuanza kuita majina ya watu wa kufanya swali ubaoni. Kinachofuata ni kutolewa nje. Yaani kila anapogonga dawati, anaepushwa na ubao. Mwalimu anaona ameadhibu. Kijana anaona ameponea.

Malipo ya tabia darasani kwa kawaida ni ya aina chache. Kuna kutazamwa: na mwalimu, na wenzake, hata kwa kugombezwa. Kuna kukwepa kazi, swali au aibu. Kuna kupata kitu, kama kiti cha dirishani, simu au nafasi ya kutoka. Halafu kuna haja za mwili, kama kwa mtoto ambaye hawezi kukaa dakika arobaini bila kujinyoosha. Tabia ileile ya kupiga kelele inaweza kuwa na kazi mbili tofauti kwa watoto wawili. Anayetafuta kutazamwa ukimtoa nje atapoa, anayekwepa kazi ukimtoa nje umemzawadia. Ndiyo maana ile orodha ya adhabu iliyobandikwa ofisini, kosa upande huu na adhabu upande ule, humfaa mmoja ikamharibu mwingine.

Hatua ya 3: Fuatilia yaliyoanza kabla ya kengele

Safu ya kwanza mara nyingi haianzii darasani, na hapa ndipo mwalimu anapaswa kutumia muda mrefu kuliko hatua nyingine zote.

Anza na tumbo. Mtoto aliyetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri bila hata chai, shuleni kwao hakuna uji, ifikapo saa sita hana uwezo wa kuvumilia utani wa jirani yake. Tazama saa za matukio kwenye daftari lako. Yakirundikana kabla ya chakula, tatizo lako la kwanza ni chakula, na mahali pa kulipeleka ni kikao cha wazazi.

Kisha usingizi. Katika umri wa kubalehe mwili wenyewe husogeza mbele saa ya kusinzia, kijana akachelewa kupata usingizi hata akilazwa mapema. Mwongezee kazi za nyumbani, mdogo wa kulea, au shule ya bweni inayoamsha watu saa kumi usiku kujisomea, utapata mwanafunzi anayesinzia kipindi cha tatu na kujibu kwa ukali akiguswa. Umri huohuo una jambo jingine. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayosaidia mtu kujizuia na kupima matokeo, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, wakati hamu ya kuonekana mbele ya rika imeshapamba moto. Kwa hiyo kijana wa miaka kumi na tano anaweza kujua kabisa kwamba jambo ni baya na bado akalifanya wenzake wakiwa wanamtazama. Mtoe mbele ya watazamaji na utakuta unaongea na mtu mwingine.

Usafiri. Dar es Salaam kila mtu anaijua ile ya konda kuziba mlango akiona sare za shule, kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo. Mtoto ameachwa na magari matano kituoni, anafika saa mbili kasoro, anakutana na mwalimu wa zamu getini na fimbo. Kumchapa hakumfikii konda. Waulize wachelewaji wanatoka wapi na wanapanda gari lipi. Mara nyingi utagundua kundi lao lote linatoka njia moja, na suluhisho ni wazazi kupanga waondoke pamoja au shule kwenda kuzungumza na viongozi wa kituo.

Lugha nayo imejificha kuliko yote. Mtoto amesoma miaka ya msingi kwa Kiswahili, anaingia Kidato cha Kwanza anakuta Fizikia, Biolojia na Hisabati kwa Kiingereza. Shule nyingine humvisha kibao shingoni akiteleza akaongea Kiswahili. Aliyekuwa akinyoosha mkono kila swali darasa la saba ghafla anakuwa bubu, na bubu asiyetaka kuonekana mjinga ana njia mbili: anyamaze kabisa au awe mchekeshaji. Wachekeshaji wa Kidato cha Kwanza na cha Pili wachunguzwe kwanza Kiingereza chao, kisha nidhamu yao.

Macho na masikio vinapimwa haraka. Msogeze mbele kwa siku chache uone kama tabia inabadilika. Kwa wasichana, angalia kama utoro unajirudia kila mwezi. Kama ndivyo, tafuta habari za taulo za kike na za choo chenye maji na mlango unaofungika kabla hujaandika barua ya onyo. Jambo la hedhi aliulize mwalimu wa kike, na aliulize faragha.

Na nyumbani: ugonjwa, msiba, baba kuondoka, mtoto kuhamishiwa kwa shangazi, kipigo, ulevi. Huna uwezo wa kuyaponya hayo. Ila kujua kwamba mtoto amefiwa wiki tatu zilizopita kunabadilisha namna unavyomjibu leo.

Hatua ya 4: Rekebisha darasa kabla ya kumrekebisha mtoto

Jacob Kounin, mwanasaikolojia wa Marekani, alitazama video za madarasa ya Marekani akitafuta ni nini walimu wenye madarasa tulivu hufanya mtoto anapokosea, na mwaka 1970 akachapisha matokeo yaliyompeleka upande mwingine. Namna ya kukemea haikutofautisha sana walimu hao na wenzao. Tofauti ilikuwa kabla ya kosa: walijua kinachoendelea kila pembe, na somo lao halikukatika-katika.

Kwa darasa letu maana yake ni mambo madogo. Usiandike ubaoni dakika kumi ukiwa umewapa mgongo. Mwite mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri aandike huku wewe ukizunguka. Acha njia kati ya madawati, hata kama ni ya kupita upande-upande, ili ufike nyuma. Weka swali moja ubaoni kabla hawajaingia, maana fujo nyingi huzaliwa katika zile dakika tano za kusubiri mwalimu ajaze daftari la mahudhurio. Unapouliza swali, subiri sekunde tatu kamili kabla ya kumtaja mtu. Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani, alipima akakuta walimu husubiri kama sekunde moja tu, na walipoongeza hadi tatu majibu yakawa marefu na waliojibu wakaongezeka. Sekunde tatu za kimya ni ndefu sana ukiwa umesimama mbele. Zihesabu kimoyomoyo.

Kanuni za darasa ziwe tatu au nne, zitungwe pamoja na wanafunzi, ziseme cha kufanya badala ya cha kuacha. Lakini usiridhike kwa kuzibandika ukutani. Utafiti wa Wamarekani Madsen, Becker na Thomas wa mwaka 1968 ulijaribu kanuni peke yake na haukuona badiliko la maana. Badiliko lilikuja mwalimu alipoanza kuwasifu waliokuwa wakifanya sawa huku akipuuza makosa madogo.

Hatua ya 5: Hamisha macho yako

Kuna utafiti mwingine wa mwaka huohuo ninaoupenda kuliko yote. Madsen na wenzake walikwenda darasa la kwanza ambako watoto walikuwa wakinyanyuka ovyo, wakawaomba walimu waongeze kusema "kaa chini." Watoto wakazidi kusimama. Kila mtoto alikaa mara tu alipoambiwa, kwa hiyo mwalimu aliona amri yake inafanya kazi, lakini kwa jumla usimamaji uliongezeka, kwa sababu kusimama ndiko kulikoleta macho ya mwalimu. Walimu walipogeuza, wakawasifu waliokaa wakifanya kazi, kusimama kukapungua.

Sasa fikiria karatasi ya monita yenye kichwa "Wapiga Kelele." Tumeikuta, tumeirithi, na watoto wetu wanaiandika mpaka leo. Inawapa jina na umaarufu walewale kila siku, inampa monita madaraka ya kulipiza kisasi, na jina hufutika kwa nusu andazi. Ifute. Kama unahitaji karatasi, iandikwe dawati lililoanza kazi bila kusukumwa, na wewe ulitaje unapoingia.

Sifa nayo ina ufundi wake. "Vizuri sana" kwa kila mtu haina uzito. Taja kitendo: "Umefungua daftari kabla sijasema, asante." Kwa kijana wa Kidato cha Pili usimsifu mbele ya darasa, utamwaibisha kwa marafiki zake. Pita karibu, gusa daftari, sema kwa sauti ya chini, endelea.

Kwa darasa zima lililochafuka, jaribu mchezo uliobuniwa Kansas, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1969, ambao tangu hapo umetumika katika nchi nyingi. Gawa darasa kwa mistari ya madawati. Chora jedwali pembeni mwa ubao. Kwa dakika kumi na tano tu za mwanzo, kila mstari unaovunja kanuni unapata alama, bila hotuba na bila kumtaja mtu. Mstari wowote wenye alama zisizozidi nne umeshinda, na yote inaweza kushinda. Zawadi isiwe ya fedha: kutoka kwanza mapumziko, kuchagua wimbo wa kufungia kipindi, kutodeki siku hiyo. Akitokea mmoja anayewaangusha wenzake makusudi, mtenge awe mstari wake mwenyewe, vinginevyo wenzake watamwadhibu njiani.

Kupuuza kuna mpaka. Kelele, miguno na vichekesho hupuuzwa. Kupiga, kudhalilisha, kumshika mtu mwili wake, silaha na bangi havipuuzwi hata mara moja.

Hatua ya 6: Zungumza naye akiwa peke yake

Si mstarini, wala ofisini walimu wengine wakichangia. Benchi la nje linaloonekana na watu lakini lisilosikika linafaa, na linakulinda wewe pia. Muda ni dakika kumi, siku ambayo hajakosea.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Kaa. Hujakosa kitu leo. Nataka unisaidie kuelewa Hisabati ya Jumanne ilikuwaje."

Atanyamaza. Mwache anyamaze.

"Mwalimu akiniita ubaoni wananicheka."

"Wanacheka nini?"

"Kiingereza. Na hesabu za sehemu sizijui tangu msingi."

Hapo umepata ulichokisaka wiki nzima, na usikiharibu kwa mawaidha. Usimuulize "kwa nini" tena na tena, maana neno hilo huleta visingizio. Uliza lini, wapi, nani alikuwepo. Kisha pangeni jambo dogo. Kwa kijana huyu: mwalimu wa Hisabati hatamwita ubaoni kwa ghafla, atamwambia jana yake swali atakalofanya. Akikwama ataweka kalamu juu ya daftari lililofungwa, na mwalimu atapita. Mara mbili kwa wiki atakaa na mwenzake anayezijua sehemu, baada ya vipindi. Yeye kwa upande wake atabaki darasani hadi mwisho wa kipindi. Andikeni mistari minne, kila mmoja abaki na nakala.

Angalia ulichofanya: umempa njia nyingine ya kupata kilekile alichokuwa akikitafuta kwa kugonga dawati, yaani kutoaibika. Ukiondoa tabia bila kumpa mbadala, ataleta nyingine ya kujaza nafasi.

Hatua ya 7: Adhabu, ikibidi

Wapo watakaosema mchelea mwana kulia hulia yeye. Sawa, lakini kwanza ijue sheria. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 hapa Tanzania zinaruhusu viboko kwa makosa makubwa tu, visivyozidi vinne, vinavyotolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi, na kila tukio liandikwe katika daftari la adhabu. Msichana huchapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina. Kwa hiyo kuchapa darasa zima kwa kufeli jaribio, au mwalimu wa zamu kuchapa mlolongo wa wachelewaji getini, ni nje ya kanuni hata kwa anayeamini viboko. Jirani zetu Kenya walivipiga marufuku shuleni mwaka 2001, na sheria yao ya elimu ya mwaka 2013 ikamfanya mwalimu anayechapa kuwa mkosaji.

Mimi siviamini, na sababu yangu ni ya kikazi. Kiboko huzima tabia mbele ya aliyekishika na kuiacha ilivyo kwenye kipindi kinachofuata. Hakimfundishi kijana sehemu wala Kiingereza. Na kinafundisha kitu kingine: mwanasaikolojia Albert Bandura alipowaonyesha watoto mtu mzima akimpiga mwanasesere, mwaka 1961, watoto walimpiga vilevile, hata kwa maneno yaleyale. Vita vya kidato cha tatu na cha kwanza bwenini vina mwalimu wao.

Adhabu inayofanya kazi inafanana na kosa, ni fupi, inatolewa mapema na haimdhalilishi. Aliyechora ukuta anaufuta na kuupaka. Aliyepoteza dakika ishirini za wenzake anazilipa baada ya kengele, akifanya ileile kazi aliyoikwepa. Aliyemtukana mwenzake anaomba radhi mbele ya waliosikia, baada ya mazungumzo, si kwa kulazimishwa akiwa bado amevimba. Kufyeka na kumwagilia bustani kusifanywe adhabu ya kila kitu, tusije tukashangaa vijana wanachukia kilimo.

Hatua ya 8: Mzazi na wengine

Mzazi akiitwa shule, anajua ni shari. Vunja mazoea hayo: mpigie mara ya kwanza kumweleza jambo jema alilofanya mwanawe. Utakapopiga mara ya pili kuhusu tatizo, atakuja akiwa mshirika. Akifika, mkaribishe kiti, muulize kwanza nyumbani anamwonaje, ndipo umfungulie daftari lenye safu tatu. Usimkabidhi mtoto akachapwe mbele yako. Na usifikirie mzazi ni mama tu. Ikiwa mlezi ni bibi, babu au kaka mkubwa, huyo ndiye wa kuzungumza naye.

Yapo yasiyo yako. Mtoto mwenye alama za kipigo, anayekataa kurudi nyumbani, anayezungumza habari za kujidhuru, au aliyebadilika ghafla baada ya kuwa na mtu mzima fulani, mpeleke kwa mwalimu wa malezi na mkuu wa shule siku hiyohiyo, nao wamfikishe ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba 116 ya simu ya mtoto ni bure. Usimwahidi mtoto kwamba utaficha siri. Mwambie utamwambia nani na kwa nini. Kama ni msichana aliyeacha shule kwa ujauzito, tangu mwishoni mwa 2021 anaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi, na wapo wazazi ambao hawajaambiwa.

Hatua ya 9: Rudi kwenye daftari

Usikate tamaa wiki ya kwanza ikiwa mbaya. Tabia iliyozoea kulipwa, ikikosa malipo, hupanda kabla ya kushuka: mchekeshaji asiyechekwa ataongeza sauti. Ukilegea hapo, umemfundisha kwamba dozi kubwa ndiyo inayofanya kazi. Waeleze walimu wenzako mapema, kwa kuwa mmoja akimtoa nje siku hiyo, mpango wote umeanza upya.

Baada ya mwezi, jaza safu tatu tena kwa wiki moja, ulinganishe na za mwanzo. Kama kijana alitolewa nje vipindi vinne kati ya vitano na sasa ni kimoja, endelea na makubaliano, punguza msaada taratibu, mwite ubaoni kwa swali unalojua analiweza. Kama hakuna kilichobadilika, usiongeze ukali. Ulikosea kukisia malipo yake, na jibu liko katika safu ya kwanza na ya tatu. Pengine si ubao anaoukwepa. Soma tena nani alikaa pembeni yake siku zile.